Kosa Lililosalia Jichoni

Fikiri, msomaji, taa moja iwakayo mbali usiku wa giza. Mtu mwenye macho mazima huiona taa hiyo kama nukta. Mtu mwingine, akisimama pale pale na kuitazama taa ile ile, huiona kama mstari mfupi uliolala upande, mithili ya mkwaruzo wa chaki ubaoni. Taa haina hatia, wala hewa haina hatia. Kosa limo ndani ya jicho la huyo wa pili, na jina lake ni astigmatizimu.

Habari nitakayokusimulia ni ya kosa hilo: jinsi lilivyotambuliwa, jinsi lilivyofuatwa kutoka sehemu moja ya jicho hata nyingine kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili, na sababu ya kuwa hata leo hutokea mtu akapasuliwa jicho, akatiwa lenzi iliyotengenezwa makusudi kuliondoa, na baada ya bandeji kufunguliwa akaiona taa ingali mstari. Mtu huyo amevumilia kisu. Pengine ameuza ng'ombe, au amechangiwa na jamaa zake apate kulipa. Sasa anauliza: je, daktari alikosea? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, nasi hatuwezi kulijibu vema ila tukirudi nyuma kidogo.

Yafaa kwanza tulijue jicho lenyewe. Ndani yake nuru hupindwa na vitu viwili. Cha kwanza ni konea, yaani kiwambo angavu kilicho mbele kabisa, ambacho kidole cha mtoto hukigusa kwa bahati mbaya macho yakatoka machozi. Cha pili ni lenzi, iliyojificha nyuma ya mboni ndani ya kifuko chembamba mno. Konea ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi, kadiri ya theluthi mbili. Ikiwa konea imeviringana sawasawa kama mpira, nuru yote itokayo katika nukta moja hukutana tena katika nukta moja. Lakini ikiwa imeviringana mfano wa yai lililolazwa, upande mmoja umepinda zaidi kuliko mwingine. Hapo nuru ya mwelekeo wa juu na chini hukutana mahali pake, na nuru ya mwelekeo wa kulia na kushoto hukutana mahali pengine, na nukta haipatikani popote.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kulipima kosa hili ni Thomas Young, tabibu Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1773. Katika hotuba yake juu ya kazi ya jicho, iliyosomwa London mwezi wa Novemba 1800 na kupigwa chapa mwaka wa 1801, alieleza kwamba jicho lake mwenyewe halikukusanya nuru mahali pamoja. Kwa mwelekeo mmoja aliona waziwazi kitu kilichokuwa mbali inchi 10, na kwa mwelekeo wa pili inchi 7. Mtu wa kawaida angeridhika na ugunduzi huo. Young hakuridhika, alitaka kujua kosa limekaa wapi. Akachukua lenzi ndogo iliyofungwa katika kijibomba, akakijaza maji, akakigandamiza jichoni hata maji yakagusa konea. Maji na konea hupinda nuru kwa kadiri zinazokaribiana sana, kwa hiyo konea ikawa kana kwamba imeachishwa kazi. Lau kosa lingalikuwa la konea, lingalitoweka. Halikutoweka. Young akaamua kwamba katika jicho lake kosa lilikuwa la lenzi ya ndani.

Lizingatie jaribio hilo, msomaji, kwa maana humo umo mzizi wa maneno yetu yote yatakayofuata. Ukiiondoa astigmatizimu ya konea, je, kinachosalia ni nini, nacho kimetoka wapi? Kila daktari anayetazamana leo na mgonjwa asiyeridhika huuliza swali lile lile.

Young mwenyewe hakusumbuliwa sana na kosa lake. Fundi wa vyombo aliyeitwa Cary alimwambia kwamba mara nyingi amewaona wanunuzi wa miwani wakiishika lenzi kwa kuiinamisha upande ndipo waone vizuri. Hili ni jambo la kupendeza. Wateja wale hawakuwa na elimu ya nuru, lakini mikono yao ilikuwa imekwisha gundua dawa, maana lenzi ikiinamishwa hupata nguvu zaidi katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine. Elimu ilichelewa nyuma ya mikono kwa miaka isiyohesabika.

Katika mwaka ule ule wa 1801 alizaliwa George Airy, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa elimu ya nyota wa Kifalme huko Greenwich, kwa zaidi ya miaka 40. Alipokuwa kijana Cambridge alitambua kwamba jicho lake la kushoto halikumsaidia kusoma hata kidogo. Alitoboa tundu dogo katika kadi, akalitazama likiwa na nuru nyuma yake, akaisogeza kadi karibu na jicho na kuirudisha mbali. Akaona kwamba mahali pamoja tundu lile lilikuwa mstari, na mahali pengine lilikuwa mstari tena, lakini uliokingama na ule wa kwanza. Kwa vipimo viwili hivyo aliweza kupiga hesabu ya dawa: kioo ambacho upande mmoja ni wa mviringo na upande wa pili ni wa silinda, yaani umepinda kama mgongo wa chupa na si kama mgongo wa mpira. Fundi aliyeitwa Fuller, wa mji wa Ipswich, alimchongea kioo hicho, na Airy akaisoma habari yake mbele ya chama cha wataalamu wa Cambridge mwaka wa 1825. Jicho lililokuwa bure likafaa kusomea. Jina la astigmatizimu alilitunga William Whewell, rafiki yake wa Cambridge, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kukosa nukta.

Kwa muda mrefu baada ya hapo jambo hili lilihesabiwa kuwa ajabu ya watu wachache. Aliyeonyesha kwamba si ajabu bali ni desturi ya macho mengi ni Frans Donders wa Utrecht, Uholanzi, kwa maandiko yake ya mwaka wa 1862 na kitabu chake kikubwa cha 1864. Naye Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alikuwa amekwisha buni chombo cha kuipima konea ya mtu aliye hai. Mwaka wa 1872 Ferdinand Monoyer, daktari wa Ufaransa, alipendekeza kipimo kiitwacho dayopta, ambacho hatuna budi kukitumia. Lenzi ya dayopta 1 hukusanya nuru ya mbali katika urefu wa mita 1, ya dayopta 2 hukusanya katika nusu mita, na kadhalika.

Sasa tumtazame Mfaransa mwingine, Émile Javal, ambaye mimi namhesabu kuwa mtu mwenye macho makali kupita wenzake katika habari hii, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa na astigmatizimu, na mwishowe alipofuka kwa ugonjwa mwingine. Mwaka wa 1881, pamoja na Hjalmar Schiøtz wa Norwe, alitoa chombo kizuri cha kupima konea, ambacho watoto wa chombo hicho wangali wakitumika katika hospitali. Javal alipolinganisha kipimo cha konea na miwani iliyowafaa watu, aliona kwamba hesabu hizo mbili hazikuoana. Mwaka wa 1890 akatoa kanuni yake. Ndani ya kanuni hiyo imo nusu ya dayopta isiyotoka katika kipimo cha konea, nayo daima huegemea upande mmoja, kana kwamba jicho limepinda zaidi kwa mwelekeo wa kulia na kushoto. Nusu dayopta hiyo ilitoka wapi? Wengi walisema imetoka katika lenzi, nao hawakuwa na chombo cha kuwakanusha. Iweke akilini, msomaji, maana baada ya miaka zaidi ya mia moja itarudi kudai haki yake.

Tuiache miwani, tuingie katika upasuaji. Lenzi ya asili huzeeka, ikapata ukungu, na ukungu huo ndio uitwao mtoto wa jicho. Watu wa kale, katika nchi nyingi za Asia na Afrika, waliingiza sindano jichoni na kuisukuma lenzi ianguke ndani, nuru ipate njia. Mwaka wa 1747 Jacques Daviel, Mfaransa, alianza kuitoa lenzi nje kwa kukata konea, na hiyo ndiyo asili ya upasuaji wa leo. Mgonjwa aliyeponea huko aliishi na miwani minene kama kitako cha bilauri, kwa kuwa lenzi yake haikuwamo tena.

Aliyethubutu kutia lenzi mpya ndani ni Harold Ridley wa Hospitali ya St Thomas', London. Daktari huyu hakuwa mgeni wa Afrika: wakati wa vita kuu ya pili alikuwa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, na huko alichunguza upofu wa usubi na kuuandikia. Basi, aliwaona marubani wa vita waliorukiwa machoni na vipande vya vioo vya ndege, mmoja wao akiwa Gordon Cleaver, aliyejeruhiwa mwezi wa Augusti 1940. Vioo hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo Perspex, na Ridley aliona kwamba vipande vyake vilikaa jichoni kwa utulivu bila kuleta uchungu mkubwa. Kwa nini basi lenzi isitengenezwe kwa kitu hicho? Tarehe 29 Novemba 1949 alimpasua mwanamke wa miaka 45 na kuijaribu lenzi yake, na tarehe 8 Februari 1950 ikatiwa ikabaki.

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Vitabu vingi husimulia ushujaa wa siku hiyo kisha huishia hapo. Lakini mwanamke yule alipopimwa baadaye, jicho lake lilihitaji miwani ya kupunguza dayopta 18 katika mwelekeo mmoja na dayopta 24 katika mwelekeo uliokingama nao. Maana yake ni kwamba lenzi ya kwanza kabisa kutiwa katika jicho la mwanadamu iliacha nyuma yake astigmatizimu ya dayopta 6. Wingi ule wa dayopta ulitokana na lenzi yenyewe: ilichongwa kwa kuiga mpindo wa lenzi ya asili, hali Perspex hupinda nuru kwa nguvu zaidi. Kosa hilo lilirekebishwa upesi kwa hesabu. Ama tofauti ya dayopta 6 kati ya mielekeo miwili, hiyo ilikuwa tabia ya upasuaji wa siku zile. Ili lenzi ngumu ipite, ilikuwa lazima kukata ukingo wa jicho kadiri ya milimita 10 au zaidi, na mkato huo, ukishonwa kwa nguvu au ukiachwa ulegee, huivuta konea au kuilegeza ikapoteza mviringo wake.

Jambo hili halikuwa jipya. Herman Snellen wa Uholanzi, yule aliyetunga ubao wa herufi za kupimia macho, alikwisha andika mwaka wa 1869 kwamba mkato unaweza kuwekwa kwa makusudi upande ule uliopinda zaidi ili uulegeze. Madaktari waliofuata walijifunza kushona kwa uangalifu, na hata kuukata uzi mmoja uliokaza kupita kiasi majuma kadhaa baada ya upasuaji, ili konea irudi katika umbo lake. Ilikuwa kazi ya fundi wa ngoma anayelegeza ngozi huku na kuikaza kule.

Mwaka wa 1967 Charles Kelman wa New York alitoa habari ya njia ya kuivunja lenzi yenye ukungu kwa ncha ya chuma itetemekayo kwa kasi kubwa na kuifyonza kupitia tundu dogo. Katika miaka ya 1980 zikaja lenzi laini zinazokunjwa, zikaingia kwa tundu lile lile la milimita tatu hivi na kukunjuka ndani. Uzi wa kushonea ukawa hauhitajiwi mara nyingi, na kosa lililoletwa na kisu likapungua sana. Lakini kisu kilipoacha kuharibu, ikaonekana wazi astigmatizimu ambayo mgonjwa alikuja nayo kutoka kwao. Takriban theluthi ya watu wenye mtoto wa jicho wana astigmatizimu ya konea ya dayopta 1 au zaidi. Zamani ilifichwa na makosa makubwa kuliko yenyewe. Sasa ikawa haina pa kujificha.

Ndipo likaja wazo la kuiweka silinda ya Airy ndani ya jicho. Lenzi ya namna hii huitwa lenzi toriki. Ukitaka kujua umbo lake, litazame tairi la baiskeli kwa upande wa nje: kwa mwelekeo wa mzunguko wa gurudumu mpindo wake ni mdogo, na kwa mwelekeo wa upana mpindo ni mkubwa. Katika Japani Kimiya Shimizu na wenzake waliandika mwaka wa 1994 habari za lenzi kama hizo, nao waliona kwamba karibu jicho 1 katika kila 5 lenzi ilizunguka kupita nyuzi 30 kutoka pale ilipowekwa. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha lenzi yake ya kwanza ya toriki, na miaka iliyofuata zikaja nyingine zilizoshika mahali pake vizuri zaidi.

Kwa nini kuzunguka kuna madhara makubwa hivyo? Lenzi ya kawaida ikizunguka kama sahani mezani hapana neno, kwa sababu iko sawa pande zote. Lenzi toriki ina mhimili, na mhimili huo hauna budi kulala sawasawa na mhimili wa konea, ili nguvu ya mmoja iukamilishe upungufu wa mwingine. Chukua daftari lako ufanye hesabu nami. Ikiwa lenzi imezunguka kwa pembe fulani, astigmatizimu itakayosalia ni mara mbili ya nguvu ya silinda, ikizidishwa kwa sine ya pembe hiyo. Tuseme silinda ni dayopta 3. Lenzi ikikosea kwa nyuzi 5, kosa litakalosalia ni kadiri ya nusu dayopta. Ikikosea kwa nyuzi 10, itasalia dayopta 1, nayo ni theluthi ya kazi yote. Ikikosea kwa nyuzi 30, ambayo sine yake unajua kuwa ni nusu, zitasalia dayopta 3 kamili, kana kwamba lenzi haikuwa na silinda kabisa, isipokuwa mwelekeo wa kosa umebadilika. Na ikipita hapo, mgonjwa atakuwa na kosa kubwa kuliko alilokuja nalo. Nyuzi 5 si nyingi. Ni chini ya mwendo wa mkono wa saa ya dakika kwa dakika moja, ambao ni nyuzi 6.

Mara nyingi lenzi haikuzunguka hata kidogo. Ni daktari aliyeiweka pembeni. Tena hakuiweka hivyo kwa uzembe. Jicho la mtu aliyeketi hugeuka kidogo anapolala chali, kama gurudumu linavyozunguka katika ekseli yake. Kwa watu wengi hugeuka nyuzi chache tu, lakini wako ambao kwao hupita nyuzi 10. Konea hupimwa mgonjwa akiwa ameketi, naye hupasuliwa akiwa amelala. Kwa hiyo daktari mwangalifu humtia alama za wino ukingoni mwa konea kabla hajalala, na wino wenyewe unaweza kusambaa na kuwa mpana kuliko kosa lililotakiwa kuepukwa. Siku hizi viko vyombo vinavyoipiga picha mishipa midogo ya jicho na kuuonyesha mhimili katika darubini ya daktari, lakini havipatikani kila hospitali.

Lenzi inayozunguka yenyewe hufanya hivyo mapema, aghalabu katika saa za kwanza baada ya upasuaji. Kifuko kilichoachwa na lenzi ya asili, hasa katika jicho refu, kinaweza kuwa kipana kuliko lenzi mpya. Na dawa ya uteute iliyotumika wakati wa kazi, isipooshwa yote, huifanya iteleze. Baadaye kifuko husinyaa na kuibana lenzi, isiende tena popote.

Sasa nusu dayopta ya Javal inarudi. Kwa miaka mingi madaktari walipima uso wa mbele wa konea tu na kukisia uso wa nyuma, kwa kuwa vyombo havikuweza kuuona vema. Mwaka wa 2012 Douglas Koch na wenzake wa Houston, Marekani, walitoa vipimo vya konea zaidi ya 700 vilivyohusisha na uso wa nyuma. Waliona kwamba uso huo una astigmatizimu ya wastani wa dayopta 0.3, na kwamba katika macho mengi sana unaegemea upande ule ule, wa kana kwamba jicho limepinda zaidi kulia na kushoto. Basi sehemu ya ile nusu dayopta ambayo watu waliitwika lenzi ya asili ilikuwa imekaa nyuma ya konea muda wote. Matokeo yake kwa wagonjwa yalikuwa haya: wale ambao konea yao ilipinda zaidi juu na chini walikuwa wakipewa silinda kubwa mno, na wale ambao ilipinda zaidi kulia na kushoto walikuwa wakipewa ndogo. Hesabu ilikuwa sahihi, mikono ilikuwa sahihi, lenzi ilikaa mahali pake. Walakini taa ilibaki mstari. Je, hapo utamlaumu nani? Mimi naona kwamba aliyeisoma kanuni ya mwaka wa 1890 kwa makini angalikuwa na sababu ya kushuku. Kanuni mpya za leo huuhesabu uso wa nyuma, na makosa yamepungua.

Turudi kwa mgonjwa wetu aliyeketi mbele ya daktari. Daktari mwenye busara haanzi na kisu. Humpima upya kwa miwani, na kama jicho lingali na uvimbe humwomba asubiri. Huutazama uso wa konea na machozi yake, kwa sababu jicho kavu huleta ukungu na hesabu za uongo. Kisha hutia dawa ya kuipanua mboni, na kwa darubini yenye mwali mwembamba huzitafuta nukta ndogo zilizochongwa ukingoni mwa lenzi, zinazoonyesha mhimili wake. Hulinganisha pale zilipo na pale zilipotakiwa kuwa. Iko dalili moja nzuri ambayo mwanafunzi wa hesabu ataipenda. Lenzi inayozungushwa hubadilisha tofauti kati ya mielekeo miwili, bali haibadilishi wastani wake. Ikiwa jicho limezidi dayopta 1 katika mwelekeo mmoja na kupungukiwa dayopta 1 katika mwingine, wastani ni sifuri, na yamkini kuizungusha lenzi kutatosha. Lakini ikiwa mielekeo yote miwili imekosea upande mmoja, kuizungusha hakutoshi. Nguvu ya lenzi yenyewe si sawa, na ni lazima ibadilishwe, au konea ichongwe kwa mwali wa leza, au mgonjwa avae miwani.

Mhimili unaofaa si lazima uwe ule uliokusudiwa mwanzo, kwa kuwa mkato wenyewe umeigeuza konea kidogo. Kwa hiyo hesabu hufanywa upya kutokana na vipimo vipya, na leo mashine hufanya hesabu hiyo kwa dakika moja. Kazi ya kuizungusha hufanywa katika majuma ya kwanza, kabla kifuko hakijaishika lenzi kwa nguvu. Wengine hungoja juma moja au mawili ili kifuko kianze kusinyaa, lenzi isirudi tena kule ilikotoka. Iko hatari moja ambayo mtu mwenye haraka huangukia. Baada ya miezi au miaka kifuko chenyewe huweza kupata ukungu, na dawa ya ukungu huo ni kukitoboa kwa leza. Ni kazi ya dakika chache na mgonjwa hufurahi. Lakini kifuko kilichokwisha tobolewa hakifai tena kushika lenzi mpya kwa usalama, wala kuizungusha ya zamani bila shaka. Kwa hiyo madaktari hukubaliana kwamba shauri la lenzi likatwe kwanza, ndipo leza ishikwe.

Mwaka wa 2017 Marekani iliidhinisha lenzi ya namna nyingine kabisa, ambayo umbo lake hurekebishwa kwa nuru ya urujuanimno baada ya kuwamo jichoni kwa majuma kadhaa, jeraha likiwa limepona na kosa lililosalia likiwa limejulikana. Mgonjwa huvaa miwani maalumu ya kuzuia nuru ya jua tangu siku ya upasuaji hata siku ile daktari atakapoifunga lenzi isibadilike tena. Bei yake ni kubwa, na hata lenzi toriki ya kawaida ni ghali kuliko lenzi ile watu wengi wanayotiwa.

Kosa likiwa chini ya nusu dayopta, watu wengi hawalitambui, na daktari huliacha. Likiwa kubwa kuliko hapo na mgonjwa hataki kisu cha pili, huandikiwa miwani. Fundi huchukua kioo, akakipa mviringo upande mmoja na silinda upande mwingine, akauweka mhimili wake katika nyuzi zilizoandikwa, na taa ya mbali ikawa nukta.